Ganda la Shaba

Mtu aliyewahi kumtazama mwindaji akishindilia gobori ajua kuwa kazi ile yataka subira. Kwanza humimina baruti katika mdomo wa mtutu, kisha hutia kitambaa au nyuzi za makumbi na kushindilia kwa mdeki. Ndipo hutia risasi, nayo akaishindilia. Na mwisho huweka fataki chini ya mtambo. Hayo yote huyafanya amesimama, maana bunduki inayofika kifuani haishindiliwi kwa urahisi na mtu aliyelala kifudifudi. Akikosa shabaha, paa huenda zake, na hasara yake ni kitoweo cha siku moja. Akiwa ni nyati, habari ni nyingine.

Majeshi makubwa ya Ulaya na Marekani yalipigana kwa silaha za namna hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka 200. Hata mwaka 1861, Wamarekani wa Kaskazini na wa Kusini walipoanza kupigana wao kwa wao, askari aliyefundishwa vema alitazamiwa kupiga mara tatu kwa dakika moja, na katika moshi na makelele ya vita wengi hawakufikia kiasi hicho. Taratibu zote za vita zilitokana na kukawia huko. Askari walipangwa bega kwa bega kwa sababu bunduki moja moja haikuwa na nguvu, bali mia zikipigwa pamoja zilikuwa kama mzinga. Tena kila jemadari alijua kuwa mstari wa adui ukiisha kupiga, ipo nafasi ya sekunde 20 hivi ambayo ndani yake bunduki zile ni fimbo tu. Katika nafasi hiyo watu mashujaa, wenye singe mbele ya bunduki zao, waliweza kukimbia yadi 100 na kuwafikia adui kabla hawajamaliza kushindilia. Mashambulio mengi yanayosifiwa katika vitabu vya historia yalishinda ndani ya sekunde hizo 20.

Basi yeyote ambaye angeziba nafasi hiyo angekuwa amegeuza vita vyote. Watu wengi walijaribu. Samuel Colt wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1836, akatengeneza bastola yenye gurudumu la vyumba vitano au sita, kila chumba na baruti yake na risasi yake. Bastola ilifaa sana, lakini alipotengeneza bunduki kubwa kwa mtindo huo huo ikaonekana ina kasoro ya kutisha. Mara kwa mara moto wa chumba kimoja ulirukia vyumba vya jirani, vyote vikalipuka pamoja, na mkono wa kushoto wa askari, ulioshika mtutu mbele ya vyumba hivyo, ukajeruhiwa. Askari hawapendi silaha inayowapiga wenyewe.

Dawa haikupatikana katika chuma cha bunduki, bali katika risasi yenyewe. Mafundi walitengeneza ganda jembamba la shaba nyekundu, baruti ikiwa ndani yake, risasi ikiwa mdomoni, na dawa ya fataki ikiwa imefichwa katika ukingo wa kitako chake. Bunduki ilipopigwa, ganda lilivimba kwa nguvu ya moto na kuziba kila upenyo, moto usipate njia ya kurudi nyuma. Kisha lilinywea kidogo, likaweza kutolewa na kutupwa. Kila kitu kilikuwa mahali pamoja. Mvua haikuiharibu baruti upesi, wala askari hakuhitaji mdeki wala chupa ya baruti. Kwa kuwa risasi ilitiwa kwa nyuma na si kwa mdomo wa mtutu, mtu aliweza kulala nyuma ya gogo, asionekane ila kofia yake, na kupiga apendavyo.

Lakini ganda hilo lilikuwa na sharti lake, na ni vizuri msomaji aliweke moyoni, kwa kuwa habari zote zifuatazo zaliegemea. Risasi ya gobori yaweza kusubuwa nyumbani kwa kijiko cha risasi iliyoyeyushwa, na mwenye shida aliweza kutumia hata kipande cha chuma. Ganda la shaba halifanywi hivyo. Lataka bamba la shaba lililosagwa sawasawa, na mashine ya kulivuta, na vipimo visivyopotoka hata kwa unene wa ukucha. Mtu aliyechukua bunduki ya namna hiyo alichukua pamoja nayo haja ya kiwanda.

Wa kwanza kuleta bunduki hiyo vitani kwa wingi alikuwa kijana wa jimbo la Connecticut, jina lake Christopher Spencer. Alizaliwa mwaka 1833, akafanya kazi katika viwanda mbalimbali, na hati ya bunduki yake aliipata mwezi wa Machi mwaka 1860. Ndani ya kitako cha bunduki alitia bomba lenye risasi saba na kamani ya kuzisukuma. Chini ya mtambo palikuwa na wenzo ambao askari aliushusha na kuupandisha. Kwa tendo hilo moja ganda tupu lilitoka na risasi mpya ikaingia. Ilibaki kuvuta nyundo ndogo kwa kidole gumba na kupiga. Askari wa kawaida aliweza kupiga mara 14 au zaidi kwa dakika moja. Wakati huo huo kiwanda cha Oliver Winchester kilitoa bunduki nyingine, ya fundi Henry, yenye risasi 16, ila ilikuwa laini zaidi kwa kazi za jeshi na serikali haikuinunua kwa wingi.

Mtu angedhani kuwa wakuu wa jeshi la Kaskazini waliipokea silaha hiyo kwa mikono miwili. Sivyo. Idara ya silaha ilikuwa chini ya Jenerali James Ripley, mzee aliyezaliwa mwaka 1794, naye hakutaka kuisikia. Alisema ni nzito, ni ghali, risasi zake ni za namna ya peke yake, na juu ya yote askari watazimaliza ovyo. Waandishi wengi wamemcheka mzee huyo. Lakini kwa haki yapasa isemwe kwamba mzigo wake haukuwa mdogo. Alitakiwa kuwapa bunduki mamia ya maelfu ya watu waliokuwa jana wakulima na makarani, na bunduki za kila namna zilikuwa zimekwisha nunuliwa kutoka Ulaya, kila moja na kipimo chake cha risasi. Aliona ni heri bunduki moja ya kawaida itengenezwe kwa wingi, na kiwanda cha serikali cha Springfield peke yake kilitoa zaidi ya 700,000 katika miaka ile ya vita. Ripley alikosea kuhusu bunduki ya Spencer. Kuhusu risasi hakukosea kabisa, kama itakavyoonekana.

Aliyemshinda Ripley hakuwa jenerali mwenziwe, bali mwenye karakana ya kusubu chuma kutoka mji mdogo wa Greensburg, katika jimbo la Indiana. John Wilder alikuwa kanali wa brigedi ya askari wa miguu. Mwanzoni mwa mwaka 1863 alichoka kuwafukuza kwa miguu wapanda farasi wa Kusini, akaomba ruhusa ya kuwapandisha watu wake juu ya farasi na nyumbu, ambao wengi wao walichukuliwa katika mashamba ya watu. Hapo akakutana na Spencer, aliyekuwa akizunguka makambini kuonyesha bunduki yake. Wilder aliitaka mara moja. Serikali haikuwa na ya kumpa. Basi akawauliza askari wake kama wako tayari kuinunua kwa fedha zao, nao wakakubali. Bei yake ilikuwa yapata dola 35, na mshahara wa askari wa kawaida wa Kaskazini ulikuwa dola 13 kwa mwezi. Wilder akaweka dhamana katika benki ya kwao, na kila askari akatia sahihi hati ya deni, kukatwa mshahara wake. Baadaye serikali iliona haya, ikalipa yenyewe, lakini askari wale hawakulijua hilo walipotia sahihi. Mkulima aliyenunua jembe la plau kwa mkopo ataelewa mioyo yao: mtu haweki rehani mshahara wa karibu miezi mitatu kwa ajili ya kitu cha mchezo.

Tarehe 24 Juni 1863 deni hilo likaanza kulipa faida. Jeshi la Kaskazini katika jimbo la Tennessee lilitaka kupita katika milima, na mojawapo wa njia ilikuwa bonde jembamba liitwalo Hoover's Gap. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Wilder na watu wake juu ya farasi waliingia bondeni mbio, wakawafukuza walinzi, wakatokea upande wa pili, maili kadhaa mbele ya jeshi lao. Watu wa Kusini wakaja kwa nguvu kuwarudisha. Walishambulia kama walivyozoea: walingoja mlio wa bunduki zote za adui, kisha wakapiga ukelele na kukimbia mbele, wakijua kuwa wanazo sekunde 20. Sekunde hizo hazikuwako. Bunduki zililia tena, na tena, na tena, na mstari wa mbele ukavunjika kabla haujafika. Wilder aliletewa amri arudi nyuma asije akazungukwa, akakataa, akisema ataweza kukaa alipo. Jioni jeshi kubwa lilipofika, lilimkuta amekaa. Tangu siku ile watu wake wakaitwa Brigedi ya Radi.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Spencer aliingia katika nyumba ya Rais Abraham Lincoln akiwa na bunduki mkononi, jambo ambalo siku hizi halifikiriki. Wakatoka pamoja kwenda uwanjani, na Rais mwenyewe akapiga risasi saba katika ubao. Mwezi uliofuata Ripley akaondolewa katika kazi yake. Hata vita vilipokwisha mwaka 1865, serikali ilikuwa imenunua bunduki za Spencer zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa fupi kwa ajili ya wapanda farasi.

Na watu wa Kusini je? Waliteka bunduki nyingi za Spencer. Kila waliposhinda mahali walizikusanya. Hazikuwafaa ila mpaka risasi zilizotekwa pamoja nazo zilipokwisha. Hawakuwa na viwanda vya kutengeneza maganda, na shaba yenyewe ilikuwa haba. Mkuu wa silaha wa Kusini, Josiah Gorgas, mtu hodari kuliko wengi wa upande wake, alipungukiwa na shaba hata ya fataki ndogo za bunduki za zamani, ikabidi akusanye mitungi na mabomba ya shaba yaliyotumika katika kukeneka pombe kali ya matofaa huko North Carolina, yakatwe yawe fataki. Nchi inayokata mitungi ya pombe ili ipate fataki haiwezi kulisha bunduki ya risasi saba. Hivyo bunduki nzuri zikawekwa ghalani, na askari wa Kusini akarudi kushika mdeki wake.

Mtu angetazamia kuwa baada ya ushuhuda huo gobori na bunduki za risasi moja zingetupwa mara moja. Mambo ya serikali hayaendi hivyo. Vita vilipokwisha, soko lilijaa bunduki za Spencer zilizouzwa rahisi na jeshi lenyewe, kiwanda chake kikafilisika, na mwaka 1869 mali yake ikanunuliwa na Winchester. Jeshi la Marekani, likiwa na fedha kidogo, lilichagua mwaka 1873 bunduki yenye kutiwa kwa nyuma, lakini yenye kupiga risasi moja moja. Ilifika mbali na kupiga kwa nguvu, tena ilikuwa rahisi, na askari hakuweza kumaliza risasi ovyo. Roho ya mzee Ripley ilikuwa imerudi.

Ikawa tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, Jenerali George Custer akawashambulia Walakota na Wacheyenne walio chini ya Sitting Bull na Crazy Horse. Alipewa nafasi ya kuchukua mizinga ya Gatling yenye mitutu mingi ya kuzungushwa, akaikataa kwa kuwa ingemchelewesha. Askari wake walikuwa na bunduki za risasi moja moja. Miongoni mwa Wahindi Wekundu walikuwako watu wengi wenye bunduki za Henry na Winchester, walizozipata kwa wafanya biashara, ingawa wengine walikuwa na gobori na wengine upinde na mishale. Moto wa nyika ulipounguza majani ya uwanja ule mwaka 1983, wataalamu waliuchunguza kwa vyombo vya kutambua madini, wakaokota maganda mengi sana, wakaweza kufuata kwa alama za maganda jinsi bunduki fulani ilivyohama kutoka kilima hiki hadi kile. Maganda ya bunduki za kufululiza yalikuwamo kwa wingi. Custer na watu wapatao 210 waliokuwa pamoja naye walikufa wote.

Si haki kusema kuwa Winchester peke yake ilimshinda Custer. Aliwagawanya watu wake, na adui zake walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Lakini tazama yaliyofuata. Washindi hawakuwa na kiwanda. Kila risasi waliyoipiga siku ile iliwapasa waipate tena kwa mfanya biashara, na serikali ilikataza biashara hiyo. Wakajifunza kuokota maganda matupu na kuyajaza upya kwa mikono, kazi ngumu yenye mavuno haba. Majira ya baridi yakaja, majeshi yakawafuata, nyati wakapungua, na mwezi wa Mei 1877 Crazy Horse akasalimu amri pamoja na watu wake, wakiwa na njaa. Njaa ilikuwa sababu kubwa zaidi. Maganda matupu yalikuwa sababu mojawapo.

Mwaka huo huo wa 1877 mataifa ya Ulaya yalipewa somo lao, na waliolitoa ni Waturuki. Warusi walivuka mto Danube kwenda Bulgaria, na katika mji wa Plevna wakamkuta Osman Pasha amechimba mahandaki. Askari wa Osman walikuwa na bunduki za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa Peabody-Martini, yenye risasi moja lakini yenye kufika mbali sana, nayo ilianza kuwaangusha Warusi walipokuwa bado zaidi ya maili moja. Ya pili ilikuwa Winchester; serikali ya Uturuki ilikuwa imenunua kama 50,000 katika Marekani. Masanduku ya risasi zilizofunguliwa yaliwekwa ndani ya mahandaki kando ya askari. Warusi walipofika yadi 200 hivi, Waturuki waliweka chini Martini na kushika Winchester, wala hawakujali kulenga sana. Katika shambulio la tarehe 30 Julai peke yake Warusi walipoteza watu zaidi ya 7,000, waliokufa na waliojeruhiwa.

Mtu mwingine asingetaja masanduku yale, lakini ndiyo yaliyokuwa siri ya Plevna. Mafundisho ya zamani yalisema askari apewe risasi kidogo ili asizichezee. Osman alizimwaga miguuni mwao. Naye hakushindwa kwa mashambulio. Warusi walipochoka kufa mbele ya mahandaki waliuzunguka mji, wakazifunga njia zote za chakula na risasi, na tarehe 10 Desemba 1877 Osman akatoka, akashindwa kupenya, akajitoa.

Baada ya hapo hakuna waziri wa vita aliyeweza kulala vizuri. Wajerumani wakaigeuza Mauser yao mwaka 1884 ikawa na risasi nane. Wafaransa wakatoa Lebel mwaka 1886, ya kwanza kutumia baruti isiyo na moshi, ambayo Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884. Waingereza wakafuata mwaka 1888 na Warusi mwaka 1891. Baruti hiyo mpya ilikuwa jambo kubwa karibu sawa na kufululiza kwenyewe. Zamani moshi mweupe ulimsaliti mpigaji na kumfumba macho baada ya milio michache. Sasa watu walianguka na hakuna aliyejua risasi zimetoka wapi.

Hapa ndipo habari hii inapofika katika nchi za Afrika Mashariki. Kila mara taifa la Ulaya lilipobadili bunduki zake, zile za zamani hazikutupwa baharini. Ziliuzwa kwa wafanya biashara, na nyingi zikashushwa Unguja na pwani ya Mrima, zikaenda bara kubadilishwa na pembe za ndovu. Kwa hiyo maendeleo ya Ulaya yalifika huku kwa kinyume chake: kadiri majeshi ya kule yalivyopata bunduki za kufululiza, ndivyo magobori yalivyozidi kuwa mengi huku. Kisha mataifa hayo yakaitia hali hiyo katika sheria. Katika mapatano yaliyotiwa sahihi Brussels tarehe 2 Julai 1890, yaliyotungwa kwanza kabisa ili kukomesha biashara ya watumwa, ilikatazwa kuwauzia watu wa Afrika ya kati bunduki za kisasa na risasi zake. Kilichoweza kuuzwa kwa ruhusa ni bunduki za gumegume. Biashara ya watumwa ilikuwa uovu, na bunduki ziliutia nguvu. Hilo halina ubishi. Lakini walioandika sheria hiyo walikuwa ndio wale wale waliokuwa wakigawana nchi, na magari ya silaha zao wenyewe hayakukatazwa.

Henry Stanley alipotoka Unguja mwezi wa Februari 1887 kwenda kumtafuta Emin Pasha, orodha ya mizigo yake ilionyesha mambo yalivyokuwa. Alikuwa na bunduki 510 za Remington za risasi moja moja pamoja na risasi 100,000, yaani kama 200 kwa kila bunduki. Winchester zilikuwa 50 tu, nazo zilichukuliwa na risasi 50,000, yaani 1,000 kwa kila moja. Juu ya hayo alikuwa na bombomu moja ya Maxim. Risasi za Remington peke yake zilitaka mabega ya wapagazi zaidi ya mia moja. Bunduki yenye kufululiza yala, na chakula chake chabebwa kichwani.

Wala isidhaniwe kuwa mwenye silaha hizo alikuwa salama daima. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliongoza kikosi cha Wajerumani katika njia nyembamba ya vichakani, watu wakifuatana mmoja mmoja. Bombomu na mizinga midogo vilikuwa juu ya migongo ya punda. Watu wa Mkwawa walikuwa wamelala majanini. Walirukia mstari huo kwa mikuki na ngao, na katika dakika chache Zelewski, Wazungu wengine tisa na askari zaidi ya 200 walikuwa wamekufa. Bombomu haikupata nafasi ya kushushwa. Wahehe walichukua bunduki zipatazo 300, na wakapata tatizo lile lile la watu wa Kusini katika Marekani na la Crazy Horse: risasi walizoziteka zilikuwa na hesabu, na kila iliyopigwa haikurudi.

Upande wa magharibi wa Afrika alikuwako mtu mmoja aliyelitambua jambo hilo vizuri, akajaribu kulitatua. Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa kwa miaka mingi, hakuridhika kununua bunduki tu. Alimtuma fundi wake akajifunze kwa siri katika karakana ya silaha ya Wafaransa, kisha akakusanya wahunzi kwa mamia na kuwapa bunduki ya Kifaransa yenye kufululiza waiige. Wakaiiga. Kwa nyundo, tupa na moto wa makaa, bila mashine, wahunzi wale walitoa bunduki zilizopiga, jambo ambalo mafundi wengi wa Ulaya wasingeliweza kwa vyombo vile. Kilichowashinda ni risasi. Waliokota maganda matupu na kuyajaza tena, wakajaribu hata kutengeneza mengine kwa mkono. Lakini siku ya vita moja risasi zilikwisha kuliko walizoweza kufanya kwa siku nyingi. Samori alikamatwa mwezi wa Septemba 1898, akapelekwa Gabon, akafia huko mwaka 1900.

Vita vya mwisho vya karne ile vilikuwa vya Makaburu na Waingereza katika Afrika ya Kusini, vilivyoanza mwezi wa Oktoba 1899. Hapo pande zote mbili zilikuwa na bunduki za kufululiza na baruti isiyo na moshi. Makaburu walikuwa na Mauser, ambayo risasi zake tano, zikiwa zimeshikwa na kibanio kimoja, zilitiwa kwa msukumo mmoja wa kidole. Katika wiki moja ya mwezi wa Desemba, kwenye uwanja wa Magersfontein na ukingoni mwa mto Tugela huko Colenso, Waingereza walisonga mbele kwa taratibu za zamani wakapigwa vibaya na watu ambao hawakuwaona. Mkulima mmoja ndani ya handaki alikuwa na nguvu ambayo miaka 40 kabla ilitaka watu sita au saba.

Lakini Makaburu nao hawakuwa na kiwanda cha risasi za Mauser cha kutosha, na meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari. Hata ilipofika mwaka 1901, wengi wa wale waliobaki porini walikuwa wamezitupa Mauser zao, zilizokuwa bora, na kushika bunduki za Kiingereza walizoteka. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Kikosi cha Waingereza kilipovunja kambi asubuhi na kwenda zake, askari waliochoka walikuwa wameacha risasi zimedondoka njiani na kuzunguka mahali pa mahema. Kaburu aliyekuwa akiwawinda alishuka juu ya farasi wake, akainama, akaokota moja moja katika majani na kuzitia mfukoni, kisha akapanda tena na kuwafuata wenye risasi hizo.